Gobori Nililoliapia

Kambi yetu ya uwindaji katika milima ya Pensilvania ina sheria moja: asiyeliunda gobori lake kwa mikono yake haketi mezani petu msimu wa kulungu, Krismasi ikishapita. Vipande waweza kuviagiza katika sanduku: mtutu, mtambo wa jiwe la gumegume unaotoa cheche za kuwasha baruti, na mti wa kitako uliochongwa nusu. Lakini shimo la kuutia mtambo ulichimbe mwenyewe kwa patasi. Unaupaka mtambo masizi ya mshumaa, unaugandamiza kwenye mti, unakwangua kila palipobaki weusi, unarudia, mpaka chuma na mti vishikane. Kazi hiyo humpima mtu subira, na humpima ukweli.

Mwanangu Garrett alipolileta gobori lake, niliinuka mbele ya wenzangu nikaapa kwamba ameliunda peke yake. Kambini pale sikuwa na heshima nyingine ila neno langu. Wendell, mkuu wa kambi, tuliyelala naye bweni moja miaka yote ya shule, ndiye aliyenipa mkono kulipokea neno hilo.

Asubuhi ya kwanza ya msimu, theluji ya majimaji ililowesha baruti. Gobori la Garrett lilitoa cheche tu. Kulungu akaenda zake.

"Lete nikufutie," nikamwambia.

Nilifungua skrubu, nikautoa mtambo. Pembe za shimo zilikuwa za mviringo, kama ziachwavyo na mashine. Masizi hayakuwamo hata chembe.

"Nani kachimba hapa?"

"Mimi, Baba."

"Garrett."

Akainamisha kichwa. "Mzee Wendell. Ana mashine karakanani kwake. Alisema, 'Babako tusimwambie, atatuhubiria mpaka Pasaka.'"

Nilimkuta Wendell jikoni, akikoroga supu ya maharage.

"Uliniacha niape, Wendell."

"Salamu kwanza, bwana!" Akacheka. "Nani alikutuma kuapa? Tulitaka utujulishe kijana tu, wewe ukasimama kama uko kanisani."

"Ulinipa mkono ukijua ni uongo."

"Kijana anataka kuwinda na babake, nimfukuze? Wewe hubadiliki, Spencer. Tangu bwenini, ungemshtaki hata mama yako kwa kuchelewa kengele. Kaa ule."

Wenzetu wakaingia kwa chakula cha mchana. Nilisimama palepale nilipoapia, nikatamka kwamba neno langu lilikuwa la uongo, ijapokuwa sikujua, na kwamba nalifuta. Wendell sikumtaja. Nilimngoja ajitaje. Alikuwa akikata mkate.

"Twende, Garrett."

Mwanangu alinitazama, kisha akamtazama Wendell, ambaye alikwisha kumsogezea bakuli.

"Tangulia, Baba. Nitakuja."

Nikavaa koti. Nilipokuwa nikiufunga mlango, mtu mmoja alisema jambo ambalo sikulisikia vizuri. Wote wakaangua kicheko, na sauti ya Garrett ilikuwamo.