Jina la Mkononi

Fundi saa alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yenyewe aliyatoa kama anayetoa springi ndani ya saa ya kike: polepole, kwa kibano. Maneno ya nyumba nzima alikuwa nayo mkewe, mshonaji. Kwa hiyo binti yao wa pekee alipotimiza miaka mitatu bila kutamka hata "mama", majirani walisema amemrithi baba. Ni mpaka daktari alipopiga makofi nyuma ya kisogo chake, na mtoto akaendelea kuchezea kishikizo cha gauni lake, ndipo ilipojulikana kwamba hasikii kabisa.

Wakamlea kwa mapenzi na kwa ishara tano: njoo, nenda, kula, lala, hapana. Miaka ikapita juu ya ishara hizo tano. Mtaani watoto walimwita Bubu. Baba yake alimwita Mama, kama akina baba wanavyowaita mabinti zao, akilisema jina hilo huku anajua haliendi popote.

Mchana alikwenda naye kwenye kibanda chake cha kazi. Mtoto aliketi kwenye kigoda, kidevu mezani, akitazama vidole vya baba. Lakini mteja akiingia, fundi alinyoosha mkono kuelekea chumba cha nyuma. Nenda. Mtoto akaenda, akakaa gizani kati ya saa za ukutani zilizokufa, mpaka mteja aondoke.

"Watu wana midomo," fundi alimwambia mkewe siku moja alipoulizwa. "Sitaki wamwonee."

Wote wawili walijua ni nani hasa aliyekuwa anaona haya.

Mtoto alipofika miaka tisa, nesi mmoja akamweleza mama habari za shule ya viziwi, ya bweni, juu mlimani, safari ya nusu siku. Mama akaanza kushona sare hata kabla ya kumwambia mumewe.

"Huko nani atamwelewa?" fundi akauliza.

"Na hapa nani anamwelewa?"

Januari wakampandisha mlimani. Wakati wa kuagana mtoto alishika shati la baba yake kwa mikono miwili, na fundi akatafuta katika zile ishara tano namna ya kumwambia kwamba hatupwi. Hakuipata. Akashuka mlima na shati lisilo na kishikizo kimoja.

Siku ya wazazi ilipofika, mwishoni mwa muhula, mama alikuwa ameteguka mguu. Fundi akaenda peke yake. Aliondoka usiku wa manane akafika mapema mno, ukungu haujainuka. Shuka za bweni zilining'inia kwenye kamba, nyeupe ndani ya weupe, hata akashindwa kujua nguo inaishia wapi na hewa inaanzia wapi. Kisha akasikia ngoma kubwa ikipigwa, moja, mbili, tatu, na kutoka kila upande wa ukungu watoto wakatokea mbio.

"Wanasikiaje?" akamuuliza matroni aliyekuja kumpokea.

"Kwa miguu, baba. Ngoma imekaa juu ya sakafu ya mbao. Wengine huku nje wanawafuata wenzao." Akacheka. "Karibu ndani. Leo kuna masimulizi."

Ukumbi ulikuwa na madirisha marefu, na mwanga ulioingia ulikuwa laini kama maziwa. Watoto wapata hamsini walikuwa wameketi sakafuni. Hapakuwa na sauti ya mtu akizungumza, lakini hapakuwa kimya pia: miguu ilipigwa chini, viti vilikwaruza, vicheko vilitoka vikubwa na bila haya, vya watu wasiojisikia wakicheka. Fundi alijiona kama mtu aliyezama kwenye maji ya uvuguvugu, akashangaa kwamba bado anapumua.

Mbele, juu ya benchi, binti mdogo alikuwa anasimulia. Mikono yake haikutulia. Mabega, nyusi, mashavu, vyote vilikuwa kazini. Alimfanya mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe, aliyeketi kwenye kiti cha mwalimu, afute machozi kwa kucheka. Fundi naye akaanza kutabasamu, akiwaza huyu mtoto wa nani ana bahati hii. Ikamchukua muda. Ndipo akayatambua masikio yale, yaliyochomoza kama yake mwenyewe.

"Anasema nini?" akanong'ona, kana kwamba kulikuwa na wa kumsikia.

Matroni akamtafsiria. Ilikuwa hadithi ya mtu mmoja mwenye lenzi jichoni. Anashika skrubu ndogo kuliko punje ya mchanga. Skrubu inaruka. Mtu yule anapiga magoti, anatambaa chini ya meza, anaipata, anainuka kwa furaha, na kichwa chake kinagonga meza. Kisha, na hapa ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko, anaangalia kulia na kushoto kama kuna aliyemwona.

Fundi alicheka mpaka akakohoa. Macho hayana pazia. Miaka yote ile alidhani hakuna aliyemwona.

Kisha mikono ya mtoto ikapunguza kasi, na watoto wakaacha kucheka. Matroni naye akanyamaza.

"Endelea, dada," fundi akasema.

"Anasema... mteja akija, mtu yule anamwondoa binti yake. Binti anakwenda kuchungulia kwenye tundu la ufunguo. Anasema, 'Nimemwona akicheka na wateja. Anacheka kwa mdomo. Akiwa na mimi anacheka kwa macho. Kwa hiyo mimi namjua kuliko wao. Lakini wao ndio wanaokaa naye mbele.'"

Hapo ndipo binti alipoinua uso akamwona amesimama mlangoni.

Mikono yake ikaganda hewani. Watoto wote wakageuka. Fundi, macho mia yakimtazama, akafanya ishara aliyoijua: njoo.

Binti akatikisa kichwa. Akajibu kwa kifupi.

"Anasema, njoo wewe," matroni akatafsiri, akijizuia kutabasamu.

Basi fundi akavuka ukumbi ule. Alipita katikati ya watoto, akiinua miguu asimkanyage mtu, na safari ile ilimwonekea ndefu kuliko ya kupanda mlima. Alipofika kwenye benchi binti yake akamrukia shingoni, na wote wawili walikaribia kuanguka.

Watoto wakaanza kumnyooshea kidole binti na kufanya duara la vidole jichoni, tena na tena.

"Hilo ndilo jina lake hapa," matroni akaeleza. "Siku alipofika hakuwa na lugha. Tukimuuliza wewe nani, alikuwa anafanya hivyo tu, duara jichoni. Tukaelewa: mtoto wa mwenye lenzi. Na wewe wameshakupa lako." Akagusa meno yake ya mbele. "Pengo."

"Pengo! Mtu mzima mimi?"

"Jina hapa huchagui, baba. Unachaguliwa."

Mchana walikaa nje, fundi, binti yake, matroni, na yule mwalimu mwenye ndevu nyeupe, ambaye naye alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Fundi aliomba aulizwe binti kama aliogopa alipoachwa pale.

Binti alijibu kwa kirefu, akimtazama mwalimu.

"Aliogopa," matroni akasema. "Lakini anasema aliogopa zaidi nyumbani. Hakuwahi kumwona mtu mzima asiyesikia. Akaamini kwamba watoto wa namna yake huwa hawakui. Kwamba siku moja wanaisha tu. Hapa, siku ya kwanza, alimwona mwalimu. Akamwendea akamvuta ndevu, kuona kama ni za kweli."

Mwalimu alifuata maneno kwenye mikono ya binti, akasugua kidevu chake kama ambacho bado kinauma.

Fundi aliinamisha kichwa. Mtoto wake alikuwa amekaa gizani akingoja kuisha, na yeye yuko upande wa pili wa mlango, anapokea saa za watu. Akauliza 'nisamehe' inasemwaje. Matroni akamwonyesha. Fundi akaifanya, kwa vidole vilivyoweza kushika skrubu ya punje, na vikamshinda.

"Umemwambia akupanguse," matroni akasema.

Binti alicheka kwa sauti yake nene. Akavishika vidole vya baba yake, akavikunja kimoja kimoja, akaviweka panapotakiwa. Kisha akavishikilia hapo kwa muda, visije vikasahau.

Kuanzia hapo fundi alifunga kibanda Jumamosi moja kila baada ya wiki mbili akapanda mlimani kwenye darasa la wazazi. Alikuwa mwanafunzi mzito kuliko wote. Likizo ya kwanza haikuwa rahisi: binti alikula akitazama mlango, akalala ameelekea ukutani, akiwalilia wenzake, na mama alisema kwa uchungu kwamba shule imemchukua mtoto. "Haijamchukua," fundi alisema. "Imempata. Sisi ndio tuliochelewa." Mama, ambaye hakupenda kushindwa kwa maneno ya aina yoyote, akaanza kujifunza naye, na ndani ya mwaka mikono yake ilikuwa inamkatiza kila mtu.

Likizo ya tatu, mvua ikinyesha mchana kutwa, waliketi mezani wakaulizana mtoto atakuwa nani. Mwalimu, fundi akasema. Mshonaji, mama akasema. Binti akasema dereva wa malori, tena yale marefu. Haiwezekani, mama akasema. Kwa nini haiwezekani, binti akauliza, barabara inasikiwa kwa masikio? Fundi akataka kuingilia, akaambiwa anyamaze, hajaitwa. Mikono ilipishana juu ya sahani, kijiko kikaanguka, mama akasimama ili aonekane vizuri. Ulikuwa ugomvi wao wa kwanza, na wote watatu hawakutaka uishe. Chakula kikapoa.