Luke Aliponyamaza Sokoni

Mimi si mtu wa kubembeleza, na hasira zangu zinajulikana ofisini. Lakini leo hapa soko la Isiolo nimeaibika hadi nikatamani ardhi inimeze.

Luke, kijana wangu wa miaka mitano, aliniponyoka mkononi nikichagua viatu vya mitumba. Wueh! Nilizunguka nikimwita hadi koo likakauka. Nikampata kwa akina mama wa Kiturkana wanaouza makaa, ameketi juu ya gunia, anapiga porojo kwa Kiturkana bila kupumua, nao wanacheka. Kumbe! Na nilishamkataza Nakuam, dada anayemlea, kumwongelesha hiyo lugha. Kwangu ni Kiingereza tu, nilisema, mtoto asije akaachwa nyuma shuleni. Hata Kikuyu changu na Kimeru cha mama yake tulivifungia nje.

"Luke, twende nyumbani," nikamwambia kwa Kiingereza.

Kuniona tu, akanyamaza. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

Mama mmoja akasimama kati yetu. "Ngoja kwanza, mzee. Mtoto alikuwa anaongea vizuri. Amekuona wewe, amekuwa bubu. Ni wako kweli?"

"Ni wangu! Ati naiba mtoto?" nikafoka. Nilikosea sana kufoka. Watu wakajaa, na jamaa mmoja akanikamata kola.

Yule mama akainama. "Huyu ni baba yako? Sema tu, usiogope."

Luke akatikisa kichwa, mikono bado mdomoni. Mimi nilijua hanikani, anakataa tu kufungua mdomo. Lakini nani angeniamini? Soko zima lilikuwa limeona nimekataliwa na mtoto.

Hasira ikaniisha. Nikapiga magoti kwenye vumbi la makaa, na suruali yangu ya kazi. "Luke, ongea. Ongea Kiturkana, ongea chochote unachotaka. Tafadhali, kijana wangu."

Akanitazama. Kisha akamvuta yule mama na kumnong'oneza. Sikuelewa hata neno moja. Mtoto niliyemzaa mwenyewe, nami nangoja mtu wa sokoni anitafsirie!

Mama akanigeukia, sauti yake imeshuka.

"Anauliza, akiongea, baba atamchapa tena?"

Yule jamaa akaniachia kola. Sasa wote waliamini kwamba mimi ndiye babake, na hakuna aliyetaka kunitazama usoni.