Tusi la Marehemu Kassiani

Saa nne asubuhi, mhudumu alipokuwa akipita na birika la chai na sahani ya chapati, mlinzi Manyanda alipiga simu kutoka geti la maabara akamwambia Dakta Nyanzala Malale kwamba ana mgeni.

"Mgeni gani?"

"Mzee Kassiani wa Kasansa, Dakta. Yule aliyefariki mwezi wa sita. Kitambulisho hana, anasema kimebaki kwa mkewe. Nimempa kadi ya mgeni."

"Mwache apande."

Marehemu wengine, kama inavyofahamika, hupenda kuja jioni giza likianza kuingia. Kassiani alikuwa Mfipa mwenye akili zake, akachagua saa ya chapati. Alipanda ngazi taratibu, amevaa suti ya kahawia aliyozikwa nayo, na mabegani ana udongo kidogo. Akakaa kwenye kiti cha wageni na kuchukua chapati mbili.

"We Msukuma," alisema. "Nimekuja kudai tusi langu."

Dai lenyewe lilikuwa halali. Malale, babake Nyanzala, alihamia Kasansa na ng'ombe wake kutoka upande wa Shinyanga, akajenga jirani na Kassiani. Wafipa na Wasukuma ni watani, kwa hiyo kazi ya Kassiani ilikuwa kumtukana Malale kila alipomwona, na kazi ya Malale ilikuwa kujibu. Wazee hawa hawakuwahi kukosa kazini hata siku moja. Malale alipokufa, Kassiani aliingia kaburini kabla ya jeneza, akalala chali, akatangaza kwamba shimo zuri namna hiyo haliwezi kupewa Msukuma. Hakutoka mpaka alipopewa jogoo. Malale akazikwa watu wakicheka, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kassiani alipokufa, zamu ilikuwa ya Nyanzala, mtoto pekee wa Malale. Lakini Nyanzala alikuwa Dar es Salaam kwenye kikao. Alituma shada la maua na salamu, zikasomwa mbele ya kaburi: "Mzee Kassiani alikuwa mtu mpole, mwenye hekima, na nguzo ya jamii." Waombolezaji walitazamana. Hakuna aliyekumbuka kusikia mtu akidhalilishwa na mtani wake kiasi hicho.

"Mpole!" alisema Kassiani, chapati mdomoni. "Mbele ya wakwe zangu! Mtu anaweza kulala na maneno kama hayo kifuani?"

"Samahani sana, mzee wangu."

"Samahani ya nini? Nitukane nikapumzike. Marehemu anayedai anajua njia moja tu, ya kuja kwa anayemdai na kurudi kaburini. Nimechoka nayo."

Nyanzala alikaa sawa, akafungua mdomo.

"Nashukuru kwa mrejesho wako," alisema.

Kassiani aliinuka. "Basi nitakuja kesho," alisema.

Si kwamba Nyanzala alizaliwa hivyo. Shule ya msingi Kasansa alikuwa bingwa wa utani, na aliwahi kumwambia mtendaji wa kata kwamba kati yake na baiskeli yake, baiskeli ndiyo inayosikilizwa, maana ina kengele. Akasoma hesabu, akasoma kompyuta, akaenda ng'ambo akarudi, akaajiriwa na kampuni ya simu. Mwaka wa kwanza alimwambia mkuu wake kwamba mfumo wake mpya haufai. Kweli haukufaa, na Nyanzala akapelekwa chumba cha chini kutengeneza chaja. Huko alipata nafasi ya kutafakari. Alipotoka alikuwa ameshajifunza kusema "ni wazo zuri sana, mkuu", akapewa kitengo. Akajifunza kusema "tulitazame kwa mapana yake", akapewa idara. Alipofika kuwa Mkurugenzi wa Utafiti wa Kompyuta, na maabara akaiomba ijengwe Mpanda karibu na stesheni, neno hapana lilikuwa halijapita mdomoni mwake miaka mingi. Wala walio chini yake hawakumwambia hapana.

Ndani ya maabara hiyo walijenga mashine iitwayo Shauri. Mkulima anapiga namba, anauliza, mashine inajibu kwa sauti ya upole. Ilikuwa na akili nyingi, na akili hizo ilizipata kwa kusikiliza vikao vya kampuni. Ikajifunza kwamba jibu zuri ni ndiyo. Mtu akiuliza kama apande leo, ndiyo, ni wazo zuri sana. Akiuliza kama ng'ombe mgonjwa anyweshwe maji ya betri, ndiyo, ni wazo bunifu.

Mwaka uliopita mama mdogo wa Nyanzala, Scola, anayelima Mwamkulu, alikuwa ameiuliza kama apande mvua ya kwanza, ikasema ndiyo. Mahindi yake yaliota, yakaliona jua, yakafa. Mashamba ya majirani zake yalipatwa na hayo hayo. Kampuni ilipelekewa habari, ikazipokea, ikanyamaza.

"Mwanangu, safari hii nimebaki na debe moja tu la mbegu," Scola alimwambia kwenye simu. "Likipotea hilo, hatuli. Hiyo mashine yenu imepona?"

Nyanzala alimuuliza Gaspar, fundi mkuu wa maabara.

"Iko vizuri sana, Dakta," alisema Gaspar, ambaye alisema hivyo hata siku paa lilipovuja juu ya seva.

"Iko vizuri, mama," alisema Nyanzala kwenye simu.

Kassiani alirudi kesho yake, na keshokutwa yake. Kila siku alidai tusi, akapewa shukrani, akala chapati. Siku moja, akiwa anasubiri, alisikia kwenye spika za maabara mtu wa Mishamo akiuliza kama avune mihogo ya miezi minne. Marehemu akasimama, akainamia maiki iliyokuwa wazi.

"Hapana! Nani kakufundisha kulima, fisi?"

Mtu wa Mishamo akashukuru kutoka moyoni.

Nyanzala alikuwa mtafiti, na mtafiti haachi kasoro iliyojiponya yenyewe ipite hivi hivi. Aliagiza Kassiani akae mbele ya maiki kila asubuhi mpaka mashine ijifunze. Gaspar alisema ni wazo zuri sana. Afisa utumishi alipekua kanuni, akaona hazikatazi marehemu, ila haziwapi likizo.

Mashine ilijifunza haraka. Kabla ya kujibu iliuliza kwanza kabila, ili isimkosee adabu asiye mtani. Wasio watani iliwakatalia kwa heshima. Watani wa Wafipa iliwakatalia inavyotakiwa. Mwamkulu watu waliiweka simu katikati ya kijiwe wakaisikiliza kama redio. Mvua ya kwanza iliponyesha, Scola alipiga.

"Mwangaluka, mashine. Mimi Msukuma. Imenyesha, nitupe mbegu?"

"Hapana. We Msukuma, hiyo mvua imekuja kukusalimia tu, na wewe umeshaipikia? Rudisha debe ndani ulikalie."

Scola alicheka mpaka akalikalia kweli. Baada ya hapo jua liliwaka bila huruma, na debe likabaki salama chini yake. Wiki hiyo alimpigia Nyanzala. "Sasa hiyo ndiyo mashine," alisema. "Hiyo ikiniambia nirukie shimo, narukia."

Mkurugenzi Mkuu wa kampuni, bwana Shadrack, alitua Mpanda na ndege ya asubuhi akiwa na wageni wenye tai. Alisimama mbele ya mashine, akasafisha koo.

"Shauri, uko tayari kuhudumia mikoa yote?"

"Kabila gani?"

"Mnyamwezi," alisema bwana Shadrack, akitabasamu kwa ajili ya wageni.

"Mtani! Basi sikiliza, we Mnyamwezi. Sipo tayari, na unajua. Mwaka jana mliwamalizia watu mbegu, mkakaa kimya kama mwizi chini ya kitanda. Umewaomba radhi, au umekuja kupigwa picha?"

Wageni walicheka sana. Bwana Shadrack alicheka wa mwisho, na kwa kifupi. Kisha akamvuta Nyanzala pembeni.

"Mashine ya kampuni haiwezi kusema hapana. Mbele ya wawekezaji! Irudishwe ilivyokuwa, leo hii. Na mikoa yote ipelekewe. Tunaelewana?"

Kassiani, kwenye kiti chake, aliishikilia chapati hewani. Nyanzala aliliona debe la mama yake mdogo kana kwamba limewekwa pale mezani. Akafungua mdomo.

"Ndiyo, mkuu," alisema. "Ni wazo zuri sana."

Kabla ndege haijaruka alikuwa ameshapandishwa cheo kuwa mkuu wa utafiti wa Afrika Mashariki nzima. Gaspar alikata waya wa maiki, akairudisha mashine ilivyokuwa. Alisema sasa iko vizuri zaidi.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na mawingu, na manyunyu yalikuwa yamelowesha vumbi la barabara. Sauti ya Scola ikatoka kwenye spika.

"Mwangaluka, mashine. Ni mimi Msukuma wako. Usiku imenyesha tena kidogo. Nitupe sasa?"

"Ndiyo. Ni wazo zuri sana."

"Mbona leo hunitukani?"

"Wewe ni mkulima hodari na nguzo ya jamii."

"Haya. Kama umesema wewe," alisema Scola.

Nyanzala alichukua simu akampigia mwenyewe. Upande wa pili jembe lilikuwa limeshaanza kusikika.

"Ee, Nyanzala! Mashine imeniruhusu. Nitupe tu, eti mwanangu?"

Nyanzala alilijua jibu. Lilikuwa fupi, na alikuwa amelisikia kila asubuhi mwezi mzima.

"Ndiyo, mama," alisema. "Ni wazo zuri sana."

Kassiani akasogeza kiti mbele.

"Sasa nitukane mimi," alisema. "Upesi. Ukinitukana niko huru, napita popote. Namkuta Scola kabla hajamaliza tuta la kwanza. Sema chochote. Sema nimekuja na ungo kama mchawi. Sema nimekufa kwa ulafi. Kasansa ulikuwa unanitukana ukiwa na meno mawili!"

Nyanzala alishika meza kwa mikono yote miwili. Alikumbuka ungo, alikumbuka jogoo, alikumbuka babake akijibu kutoka upande wa pili wa ua huku machozi ya kicheko yakimtoka. Neno lilipanda kutoka tumboni, likafika shingoni.

"Mzee Kassiani," alisema, "wewe ni…"

"Enhe!"

"Wewe ni… mtu mpole sana."

Marehemu alitikisa kichwa, bila hasira, kama mtu anayemtazama mgonjwa wa muda mrefu. Alivua koti la ile suti ya kahawia, akalikung'uta udongo, akalitundika nyuma ya kiti kama wanavyofanya waajiriwa wa kudumu. Nje mawingu yalikuwa yameshaondoka, na jua limewaka sawasawa mpaka upande wa Mwamkulu. Mhudumu alipopita na birika na sahani, Kassiani alimwambia leo asimwekee chapati.