Tangi la Bibi

Tangu asubuhi opereta wa buldoza hakutulia kitini. Mguu ulikuwa ukitikisika wenyewe, na sikio lote kalitega kwenye injini. Buldoza lake alizoea kuliita Bibi, kwa kuwa kila siku liliamka taratibu na kukohoa kwanza. Leo Bibi hakukohoa. Alinguruma laini, na moshi wake ulinukia kikaango, maana tangini mlikuwa na dizeli iliyotengenezwa kwa mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika. Vibarua wakamtania kwamba leo watashiba harufu.

Dizeli hiyo ilikuwa wazo la fundi wa mitambo, shemeji yake, kaka wa mkewe. Miezi minne alimsihi injinia wa saiti ampe buldoza moja la kujaribia, siku moja tu. Akakubaliwa kwa sharti: likizimika kabla ya jioni, mapipa ya dizeli hiyo yanaondoka saiti, na fundi anaondoka nayo.

Fundi alimwomba shemeji yake jambo moja. Dizeli hii, alimweleza, ni kama sabuni. Ikiingia kwenye tangi la zamani inabandua uchafu wote ulioganda chini, na uchafu ule unakwenda kuziba filta. Kwa hiyo jana tangi lilitakiwa limwagwe lote, lisuguliwe mpaka chini. Opereta alimwaga mafuta ya juu, akapitisha kitambaa mdomoni mwa tangi, akaona jua linazama, akaenda zake. Alipoulizwa akajibu kwamba linang'aa.

Saa nne Bibi alishtuka kidogo kwenye mteremko. Mtu mwingine asingesikia. Opereta akajiambia ni jiwe. Saa tano akashtuka tena, mara mbili, koleo la mbele likasita katikati ya udongo. Kule kwenye kibanda cha ofisi injinia alikuwa amesimama na kikombe cha chai. Kando yake fundi, mikono kiunoni, alilikazia macho bomba la moshi kama mtu anayesubiri mgonjwa atoe neno.

Opereta angeweza kunyamaza. Bibi angezimika, mafuta yangebeba lawama, basi. Nani huchungulia ndani ya tangi? Ila mkewe angeuliza kaka yake kafukuzwa kwa nini, naye angelazimika kumjibu akimtazama usoni.

Akazima injini mwenyewe. Saiti nzima ikageuka. Akashuka na spana, akafungua filta kabla hajaulizwa kitu. Likatoka tope jeusi, zito kama lami.

"Mafuta hayana kosa," akamwambia injinia. "Tangi sikuliosha. Nilimdanganya shemeji."

Injinia aliliinamia lile tope. "Limezimika, au umelizima?"

"Nimelizima."

"Basi una mpaka saa saba ulirudishe kazini."

Fundi hakugombana. Alileta mpira, ndoo, filta mbili mpya na brashi ya mpini mrefu, akamkabidhi brashi.

"Dada alishaniambia," akasema. "Hata sufuria unaosha nje tu."

Vibarua wakacheka mpaka wakaketi juu ya kifusi. Opereta aliyamwaga mafuta yote, akazamisha mkono mpaka begani, akasugua, akasuuza, akasugua tena. Fundi alimulika kwa tochi na kumwonyesha pembe alizoruka, kisha akafunga filta mpya na kujaza dizeli upya.

Saa saba kasoro dakika chache Bibi akaamka, na harufu ya kikaango ikarudi. Opereta akakaa kitini. Mguu ukaanza tena kutikisika, maana jioni ilikuwa bado mbali, na filta ya akiba imebaki moja.