Programu Yangu na Neno "Toa"

Kwa mara ya kwanza tangu niletwe shule hii ya bweni, sikuwa na hatia. Na ndiyo mara niliyoadhibiwa vikali kuliko zote.

Mwalimu wa kompyuta, ambaye sisi humwita Mzee Kebo, alinipa kazi ya heshima: kusimamia akaunti za barua pepe za wanafunzi. Badala ya kuzishughulikia moja moja kwa kubonyeza, niliandika programu inayozungumza na huduma ya barua pepe moja kwa moja, kupitia kiolesura chake, kwa ufunguo wa siri wa shule. Amri niliziandika kwa Kiswahili safi: jumlisha, toa, rudisha. Jumlisha inafungua akaunti, toa inaifuta. Hesabu za watoto wadogo, jamani!

Leo asubuhi Makamu Mkuu aliagiza wanafunzi wa mwaka wa mwisho wapewe akaunti mpya. Mzee Kebo akaketi, akaona toa, akafurahi. Akaandika: toa mwaka wa mwisho. Akaunti zao zote za zamani zikayeyuka.

Mojawapo ilikuwa ya Betri, mwanafunzi mwenzangu asiyechoka kusoma. Chuo kilikuwa kimempa nafasi ya kusomea udaktari, na kilitaka ajibu kwa anwani hiyo hiyo kabla ya saa kumi leo. Asipojibu, nafasi anapewa mwingine.

Mimi nikaitwa ofisini.

"Sita toa mbili ni ngapi, mwalimu?" nikamuuliza Makamu kwa adabu zote.

"Nne."

"Basi zile mbili zimekwenda wapi?"

"Na mpishi akitoa chakula," Mzee Kebo akadakia, "huwa anakitupa?"

Makamu akaona hoja hiyo ni nzito. "Kafyeke nyasi nyuma ya maabara ya kompyuta. Na kompyuta usiiguse mpaka muhula uishe."

"Mwalimu, zinarudi! Ni amri moja tu..."

"Nje!"

Nilikuwa nafyeka kwa hasira Betri aliponijia mbio, macho mekundu.

"Umenimaliza, we mtu!"

"Mimi? Kamuulize Mzee Kebo!"

"Imebaki robo saa!"

Nikatafakari. Makamu alikataza mikono. Mdomo hakuutaja. Nikasimama kwenye dirisha la maabara, Mzee Kebo akiwa ndani mbele ya kompyuta.

"Mwalimu, andika rudisha, halafu mwaka wa mwisho."

Mzee Kebo akanitazama kwa mashaka. "Rudisha safari hii maana yake nini?"

"Rudisha, mwalimu! Kurudisha!"

"Kwa nani?"

"Kwa wenyewe, shikamoo!"

Akabonyeza kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, huku Betri akining'ang'ania mkono. Akaunti zikarudi. Betri akaingia, akamsogeza mwalimu wa watu bila hodi, akaandika: Nafasi nimeikubali. Chuo kikajibu kwamba kimepokea.

Makamu akatokea mlangoni. "Nani amezirudisha?"

Mzee Kebo akakohoa. "Mimi."

"Hongera sana, mwalimu."

Hongera! Nikarudi kwenye nyasi zangu.

Baadaye Betri akaja na fyekeo la pili. Hakusema asante. Alifyeka vibaya mno, nikamwambia hivyo, akaniambia ninyamaze, daktari yuko kazini.