Kupiga Shemeji

Jumanne, tarehe 14 Agosti 1984, saa nne kasorobo asubuhi, manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri bila kukatika wala kuongezeka, na hewa ndani ya kiwanda cha kusubu chuma ilikuwa nzito kama blanketi lililokataa kukauka. Siku kama hiyo mchanga wa kalibu, ule unaomiminiwa chuma kipate umbo, hunyonya unyevu. Kila aliyefanya kazi pale alijua kwamba chuma kilichoyeyuka kikikutana na unyevu hakibishi hodi. Hulipuka.

Msimamizi wa tanuri alilijua hilo kuliko wote. Alikuwa mrefu, mnyoofu wa mwili na wa mwenendo, na wafanyakazi walimbandika jina la Mzee Wima kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona ameegemea kitu. Hakula rushwa, hakuchelewa, hakumpendelea mtu. Jambo moja tu lilimkosesha usingizi: kiti cha meneja wa kiwanda kilikuwa wazi, naye alikitaka. Asubuhi hiyo mwenyekiti wa bodi alisimama na wageni wake kwenye ujia wa juu ili kutazama gurudumu kubwa la meno, la mtambo wa kiwanda cha sukari, likisubiwa. Gurudumu la ukubwa ule halikuwa limewahi kusubiwa pale, na Mzee Wima alikuwa ameahidi kwamba wageni hawataondoka kabla ya kuliona.

Mkaguzi wa kalibu alikuwa kaka wa mkewe. Kiwanda kizima kilimwita Shemeji, hadi mhasibu, na mwenyewe alizoea kusema kwamba amewaoza dada mia mbili bila kuonja mahari hata moja. Kazi yake ilikuwa na heshima ya pekee. Dereva wa kreni, mwanamke aliyeitwa Mama Juu, aliketi katika kibanda karibu na paa, na alipoinamisha ndoo ya chuma cha moto hakuweza kuona kilichokuwa chini kwa wingi wa mvuke na mng'aro. Alifuata neno moja tu, “Haya!”, na neno hilo lilikuwa la mkaguzi peke yake. Wakati wa kumimina, hata meneja hakuruhusiwa kulitamka. Watu wa tanuri walikuwa wamejizoeza kusema “sawa” au “ndiyo”, wengine mpaka majumbani kwao, wasije wakaponyokwa.

“Bado, shem,” alisema Shemeji, amepiga goti, akipitisha moto wa gesi ndani ya kalibu. “Kona hii inatoka jasho.”

“Umeikausha tangu asubuhi.”

“Na mvua imeilowesha tangu asubuhi. Tumetoka sare. Niache nifunge bao.”

“Mwenyekiti anatazama saa.”

“Basi ashuke, anisaidie kupuliza.”

Mzee Wima aliinua macho. Mwenyekiti alikuwa akifunga vifungo vya koti. Ilikuwa kona moja tu, na Mzee Wima alikuwa ameshaona kalibu zenye unyevu zaidi zikisalimika. Hakupitiwa wala hakubabaika. Alipima, akachagua.

“Haya!”

Sauti ilitoka kifuani mwake, pana na safi. Mama Juu akainamisha ndoo.

Mlipuko ulitikisa madirisha ya ofisi. Watu walikimbia, Mzee Wima alikimbilia moshini, akambeba shemejiye mabegani, mikono ya shati lake ikiwaka, kisha akarudi kuwaamuru vijana wauzime moto kabla haujafika kwenye mitungi ya gesi. Mwenyekiti aliyaona yote hayo kwa macho yake. Lile moja tu hakuliona.

Mguu wa kushoto wa Shemeji ulikatwa chini ya goti. Wachunguzi walipomhoji Mama Juu, alijibu kwa ufupi.

“Mimi nasikia sauti, sioni midomo. Neno likitoka chini, ni la Shemeji. Ndiyo kazi yake.”

Wakaenda hospitali. Mzee Wima alisimama penye miguu ya kitanda, mikono imefungwa bendeji. Mchunguzi aliuliza ni nani aliyesema neno. Shemeji alimtazama mume wa dada yake, akamtazama kwa muda, bila hasira, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kutafuta ufunguo mfukoni.

Mzee Wima alifungua mdomo, akaufunga. Nafasi ya kusema ilikuwapo. Ilikuwa pana, naye aliiacha ipite.

“Kama lilisikika,” alisema Shemeji hatimaye, “basi nililisema mimi.”

Alifukuzwa kazi kwa uzembe. Mzee Wima alisifiwa kwa ushujaa, akapewa kiti alichokitaka, na kwa haki yote alikikalia vizuri. Alileta barakoa za kujikinga na moto, akapunguza zamu ndefu, akamtoa kazini mwizi wa shaba aliyewashinda mameneja wawili. Mchana alikuwa mtu mwadilifu. Nyumbani alikula akiwa ameinamia sahani.

Kisha likazaliwa neno. Hakuna aliyejua limeanzia wapi. Fundi akikosea kipimo aliambiwa amepiga shemeji. Akidondosha kifaa, amepiga shemeji. Lilivuka geti la kiwanda, likaingia mitaani.

“Leo dukani,” alisema mkewe jioni moja, “mama mmoja alikuwa anamfokea bintiye kwa kumwaga maziwa. Akamwambia, ‘Umepiga shemeji wewe!’ Nikamuuliza ndiyo nini. Akacheka, akanieleza.”

“Maneno ya mtaani hayo.”

“Ni ndugu yangu hayo. Na wewe ndiye mkubwa wao. Hata kuwakataza huwezi?”

Aliwakataza, na katazo likalieneza zaidi. Waliokuwa hawalijui walilijua siku hiyo.

Alasiri moja, akipita kukagua, alimkuta fundi ameiweka kalibu kombo, na kazi ya wiki ilikuwa karibu kuharibika. Hasira ikampanda.

“Unanipigia shemeji hapa?”

Mtu mmoja akaangua kicheko. “Hata bosi!” Wakacheka wote, kwa furaha kabisa, kwa kuwa kwa mara ya kwanza mkubwa alikuwa amesema kama wao. Fundi mwenyewe alicheka. Mzee Wima alibaki amesimama katikati ya kicheko hicho. Alikuwa amelibeba kosa lake akijua ni lake. Sasa ulimi wake mwenyewe ulikuwa umelikabidhi kwa mwingine kwa wepesi, bila hata kusita.

Aliamuru mitambo izimwe.

“Neno la siku ile nililisema mimi,” alisema. “Shemeji aliniambia bado. Nilimsikia. Nikasema haya.”

Kutoka karibu na paa ikasikika sauti ya Mama Juu.

“Rudia. Huku hakufiki vizuri.”

“Nililisema mimi!”

“Sasa nimesikia,” alisema Mama Juu. “Ndiyo sauti yenyewe.”

Bodi ilimpa mlango wa kutokea: aseme kwamba aliteleza ulimi kwa kazi nyingi. Aliukataa. Ulimi haukuteleza, aliwaambia, alikuwa ameamua. Wakamvua cheo na kazi siku hiyohiyo, na mjumbe wakamtuma kwa Shemeji kumrudisha kazini, awafundishe wakaguzi wapya.

Mzee Wima alimkuta chumbani kwake akigongomea soli kwenye kiatu cha kulia. Cha kushoto alikuwa amempa jirani azuilie mlango usipigwe na upepo.

“Karibu, shem. Kaa.”

Hakukaa. “Nimekuja kukuomba msamaha.”

“Wa mguu au wa mdomo?”

“Yote mawili.”

Shemeji aliweka nyundo chini. “Mguu nilikusamehe palepale kitandani. Wewe ulikosea, hata mimi ningeweza kukosea. Ila baada ya pale, kila asubuhi uliamka, ukafunga tai, ukaenda kukaa kwenye kiti kile. Nilikutunzia aibu yako kama mtu anavyotunziwa mzigo stendi. Nikasema, mwenyewe atakuja.”

“Nimekuja.”

“Hukuja kwa ajili yangu. Ulijisikia unanitukana, ukajiogopa.”

Mzee Wima alifikiri. “Ni kweli,” alisema.

“Jina langu ulikuwa nalo, umelirudisha. Hapo hatudaiani. Msamaha wa mdomo ni mali yangu mimi, na siutoi.”

“Nije siku nyingine?”

“Usije kwa hilo. Mwambie dada nitafika Jumapili kula. Nikikukuta nitakusalimia, kwa sababu ni kwako.”

“Nitamwambia,” alisema Mzee Wima, akatoka, akaurudishia mlango.