Chapati za Karavani

Wacha niseme bila kuficha: nilikuwa naionea wivu karavani. Nyumba ya Magdalene nayo iliniuma kidogo, sikatai, lakini karavani ndiyo ilininyima usingizi. Ile takataka ya magurudumu, iliyoota ukungu wa kijani, yenye dirisha moja la kioo na jingine la ubao!

Magdalene ni nesi, tunasali naye kanisa moja. Sisi wengine huku ughaibuni tumepanga nyumba za kaunsili, za halmashauri ya jiji, mtaa wa Nechells, na tunamshukuru Mungu. Yeye alinunua kiwanja mtaa wa Balsall Heath, nyuma ya mikahawa, palipokuwa na gereji mbovu, akasema anajijengea mwenyewe. Kabla ya tofali la kwanza alikokota karavani hapo, maana mafundi lazima wawe na choo, mahali pa kunawa, na mahali pa kunywa chai mvua ikinyesha. Mchungaji akatangaza kwamba kila mwenye nguvu aende kumsaidia Jumamosi. Mume wangu Alfayo, ambaye balbu ya bafu yetu imeungua tangu Krismasi na hajaigusa, akawa wa kwanza kuinua mkono.

Basi Jumamosi zikawa za Magdalene. Mwanamume anarudi jioni ananukia vitunguu. Nampakulia ugali, anausukuma kando. "Nimeshiba, Mama Eric." Ameshiba wapi? Siku moja nilipokuwa nafua nikakuta unga kwenye mkunjo wa shati lake. Si saruji, jamani, unga wa ngano! Dalili ya mvua ni mawingu. Nikajua Magdalene anampikia mume wangu chapati ndani ya karavani, yeye anakula mpaka analamba vidole, halafu mimi ananiletea viatu vya matope.

Tuelewane. Nimeolewa na Alfayo tangu tukiwa Vihiga, na sijawahi kumwona akishika mwiko. Kwao mwanamume akiketi jikoni huchekwa na kijiji kizima. Hata nilipojifungua Eric, alinunua kuku wa kukaanga dukani akaniwekea mlangoni pa chumba, akaenda zake. Kwa hiyo katika ndoa hii tumbo lake ni langu. Mwanamke mwingine akilichukua, mimi nabaki na nini?

Jumamosi iliyofuata nilimdanganya kwamba nina shifti. Alipoondoka tu nikajipodoa, nikavaa viatu vyangu vyekundu vya kanisani, nikaenda mjini na kupanda basi namba hamsini. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Ningemwambia Magdalene mambo mpaka saruji yake igande yenyewe.

Nilimkuta juu ya jukwaa la vyuma, na buti na helmeti, anapanga matofali. Mikono yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu anayelima. Aliponiona akacheka kwa furaha.

"Mama Eric! Hatimaye! Mzee wako yuko kwa karavani. Ingia upate chai, nakuja."

Kama Magdalene yuko huko juu, ni nani anayepika?

Nikafungua mlango. Haki ya Mungu, Alfayo wangu alikuwa amejifunga leso kiunoni. Leso yangu! Ile ya zambarau niliyoitafuta mpaka nikawasingizia watu. Alikuwa anasukuma chapati kwa chupa huku anaimba, na nyingine inavimba kwenye kikaango. Mzee Lakhbir, fundi wa matofali aliyezaliwa Kisumu, alikuwa ameketi kando ya mtungi wa gesi na sahani yake tayari.

"Karibu, mama," Lakhbir akasema. "Bwana yako anamshinda bibi yangu kwa chapati. Lakini usimwambie, nitalala nje."

Alfayo aliweka chupa chini.

"Nyumbani hata yai hujawahi kuvunja," nikamwambia.

"Nyumbani ni jikoni," akajibu. "Hapa ni mjengo."

Na hakuwa anatania. Kwake yeye, mahali penye magurudumu chini na beleshi mlangoni si jikoni, na mama yake hawezi kumlaumu. Kabla sijamjibu, Magdalene akaingia, akavua glavu, akanishika bega.

"Dada, una bahati wewe! Sisi tunakula hivi Jumamosi tu. Wewe kila siku!"

Nikatabasamu kwa meno.

Alfayo akaanza kumimina chai. Ya Lakhbir, tangawizi nyingi, bila sukari. Ya Magdalene, maziwa kidogo, kijiko kimoja. Hakumuuliza mtu. Akafika kwenye kikombe changu, kijiko kikabaki hewani.

"Wewe... hutia vijiko vingapi?"

Hapo ndipo wivu uliponishika hasa. Heri ningemkuta amekumbatiwa na mtu, vita hivyo navijua. Alijua chai ya kila mtu mle ndani isipokuwa yangu. Miaka yote namtilia vyake vitatu na kumkorogea, na hajawahi kutazama kikombe changu hata siku moja.

"Sikuambii," nikasema, nikatoka nje.

Nilitaka kwenda nyumbani. Lakini nikajiambia, kumbe chai ya Alfayo hupewa wajenzi? Basi na mimi nitajenga. Nikanyakua beleshi, nikaanza kuchanganya mchanga na saruji.

"Mama Eric, viatu!" Magdalene akapiga kelele.

"Niache!"

Mgongo uliuma, machozi yalitoka, nami sikuacha. Baadaye mlango wa karavani ukafunguka. Alfayo akaja katikati ya matope, kikombe mkono mmoja, kopo la sukari mkono wa pili, leso bado kiunoni, na wapishi wa mkahawa wa jirani wanamtazama.

"Sijatia kitu," akasema. "Onja kwanza, uniambie."

Sikukipokea. "Kesho upike jikoni kwangu. Na leso hiyo hiyo."

"Na mama akisikia?"

"Mama yako yuko Vihiga. Mimi niko hapa."

Alitazama karavani, akatazama viatu vyangu, ambavyo sasa havikuwa na rangi.

"Sawa," akasema polepole. "Lakini usinisimamie."

Nikachukua kikombe, nikaonja. Ilikuwa nzuri kuliko yangu, na hilo nalo likaniuma.